Kiingereza Kilivyopotezana na Herufi Zake

Mwaka 1490, mpiga chapa mmoja mzee wa Westminster, William Caxton, aliandika dibaji ya kitabu chake kipya na humo akasimulia kisa cha mayai. Wafanyabiashara walikuwa chomboni katika mto Thames, safari yao ya kwenda Zeeland, ng'ambo ya bahari. Upepo ukawagomea. Wakashuka pwani kutafuta chakula, na mmoja wao, aliyeitwa Sheffelde, akaingia nyumba moja akaomba 'egges'. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Sheffelde akapandwa na hasira, maana hata yeye Kifaransa hakukijua. Alitaka mayai tu. Mwenzake alipoomba 'eyren', ndipo mama akaelewa.

'Egges' lilikuwa neno la kaskazini, lililoachwa na watu wa Skandinavia waliolowea huko. Kusini walishazoea 'eyren'. Caxton akauliza: siku hizi mtu aandike lipi?

Mwingine angeuliza hivyo kwa kupitisha muda tu, lakini kwa Caxton ilikuwa biashara. Kabla yake, kila aliyenakili kitabu kwa mkono aliandika kwa lafudhi ya kwao, na msomaji wa mkoa mwingine akajitegemea. Mtambo wa chapa haukuruhusu hayo. Ukurasa ukishapangwa, nakala mamia zinatoka na neno lile lile, zinakwenda kaskazini na kusini, na macho ya watu yanaanza kuzoea. Caxton na mafundi wake ndio waliokamata herufi za Kiingereza wakati lugha yenyewe ikiwa mbioni, na mpaka leo watoto wa shule wanailipia haraka yao.

Lakini vurugu ilianza mapema zaidi.

Mwaka 597 wamisionari kutoka Roma, wakiongozwa na Agostino, walifika Kent na herufi za Kilatini mkononi. Watawa walipoanza kuandika lugha ya wenyeji waligundua kwamba baadhi ya sauti zake hazina herufi. Hawakuona haya kuazima. Kwa sauti ya th walichukua herufi ya zamani ya kienyeji, þ, iliyoitwa 'thorn', wakaongeza na ð. Kilichopatikana ni maandishi ya kweli kabisa: herufi iliyowekwa ilitamkwa. Neno 'cniht', lililomaanisha kijana au mtumishi, lilisomwa k, n, i, kh, t, bila kuruka kitu. Hiyo kh ni ile ile ambayo wazee wa pwani yetu huitoa kooni wanaposema 'kheri'. Leo neno hilo linaandikwa 'knight', limepata maana ya askari wa farasi mwenye cheo, na linatamkwa 'nait'. K imekufa, gh imekufa, lakini hakuna aliyepewa kibali cha kuzizika.

Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Kwa zaidi ya karne mbili wakubwa walizungumza Kifaransa, kanisa na ofisi zikaandika Kilatini, na Kiingereza kikabaki lugha ya wakulima. Kiliporudi kwenye karatasi, walioshika kalamu walikuwa watu waliofundwa mtindo wa Kifaransa, nao wakapaka rangi upya. 'Cwen' ikawa 'queen'. 'Hus', nyumba, ikawa 'house', kwa kuwa Wafaransa waliandika sauti ya u kwa herufi mbili, ou. 'Scip', jahazi, ikaishia kuwa 'ship'. Ile kh ya kooni ikaandikwa gh. Na 'cild', mtoto, ikawa 'child', maana wakati huo ch ya Wafaransa ilitamkwa kama ch ya 'chai'.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili linaingia moja kwa moja kwenye daftari la Mswahili. Wafaransa wenyewe baadaye walilegeza ulimi, ch yao ikawa sh, na ndivyo ilivyo hadi leo. Waingereza wakabaki na ch ya zamani ya Wanormani. Karne nyingi baadaye wamisionari wa Kiingereza waliitumia hiyo hiyo walipoandika Kiswahili cha Unguja kwa herufi za Kirumi. Anayeandika 'chakula' au 'mchicha' anatumia desturi ya makarani wa Kifaransa wa zama za kati, iliyopitia London. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako serikali ilikuwa ya Wabelgiji, ch ya Kifaransa ilikuwa imeshabadilika, hivyo majina kama Tshombe na Tshisekedi yakahitaji herufi tatu kwa sauti ambayo Dar es Salaam inaiandika kwa mbili.

Makarani hao waliacha na kero nyingine ndogo, ambayo chanzo chake ni mwandiko wenyewe. Hati za wakati huo ziliandikwa kwa vijiti vya wima vilivyobanana: i kijiti kimoja, tena bila nukta, n na u viwili viwili, m vitatu. Neno la Kilatini 'minimum' lilikuwa vijiti 15 vimesimama mstari mmoja kama uzio wa fito. Msomaji alihesabu kwa kidole. Ili kumpunguzia adha, waandishi wakawa wanaibadilisha u kuwa o inapokuwa jirani na m, n au v, maana o ni duara na inaonekana. Ndiyo maana 'sunu', mtoto wa kiume, inaandikwa 'son', na 'lufu', mapenzi, inaandikwa 'love'. 'Come', 'monk', 'wonder' na 'tongue' zimo katika kundi hilo. Tangu walipopata mwandiko unaosomeka, sababu ya o hiyo haipo tena.

Mwanzoni mwa karne ya 15 serikali ilianza kurudi kwenye Kiingereza. Mfalme Henry wa Tano alianza kutuma barua zake kwa lugha hiyo mwaka 1417, na makarani wa Westminster wakajenga mazoea ya kuandika maneno mengi kwa namna moja. Hayo ndiyo Caxton aliyoyakuta.

Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mzaliwa wa Kent, aliyeishi Bruges, katika Ubelgiji ya leo, kwa takriban miaka 30. Kazi ya chapa aliijifunzia Cologne. Aliporudi na kufungua karakana karibu na kanisa kuu la Westminster mwaka 1476, alikuja na mitambo, herufi za risasi na mafundi kutoka bara. Mmoja wao, Wynkyn de Worde, ndiye aliyerithi kazi baada ya kifo chake. Fundi wa kupanga herufi, mzungumzaji wa Kiflemi, lugha ya Bruges, alipokutana na neno 'gost', pepo au roho, aliona halijakaa sawa. Kwao lilikuwa na h: 'gheest'. Akaichomeka. Vitabu vya Caxton vina 'ghoos' kwa bata bukini na 'gherle' kwa msichana. Hizo zilifutika baadaye, lakini 'ghost' ikabaki na h yake, isiyotamkwa wala kudai maelezo. Pengine watu waliona inalifanya neno litishe kidogo.

Herufi ya þ nayo ikafia hapo. Masanduku ya herufi yaliyotoka bara hayakuwa nayo, kwa kuwa Wajerumani na Waflemi hawakuihitaji. Mafundi wakaangalia katika mwandiko wa mkono wa wakati huo, wakaona þ inafanana sana na y, basi wakaweka y. 'The' ikachapwa 'ye', na wasomaji wa siku zile wakaendelea kuitamka kama kawaida. Watalii wanaopiga picha mbele ya baa za Uingereza zenye vibao vya 'Ye Olde' huitamka y kwa dhati. Kitu chenyewe ni upungufu wa vifaa katika karakana ya chapa.

Fundi huyo alikuwa na shida nyingine: mstari wa chuma lazima ujae mpaka pembeni. Kwa kuwa hakukuwa na kamusi ya kumhukumu, nafasi ikibaki aliongeza e mwishoni mwa neno au akairudufu konsonanti. Nafasi ikipungua alipunguza. Neno moja lingeweza kuwa na sura tatu katika ukurasa mmoja. Hata waandishi hawakujali. Saini sita za Shakespeare zinazotambuliwa kuwa zake hazifanani katika uandishi wa jina, na hakuna hata moja iliyoandikwa kama tunavyoliandika leo.

Yote hayo yangevumilika. Kilichoharibu mambo ni kwamba, wakati herufi zinaanza kuganda kwenye risasi, vinywa vya Waingereza vilikuwa vinahama. Tangu karibu mwaka 1400 hadi 1700, irabu zote ndefu za Kiingereza zilibadilisha makao. Mtaalamu wa lugha wa Denmark, Otto Jespersen, aliliita badiliko hilo Mhamo Mkuu wa Irabu.

Mswahili ana bahati ya kulielewa haraka kuliko Mwingereza mwenyewe. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, angetamka 'name' karibu kama tunavyosoma 'naame', kwa a yetu ya kawaida. 'Time' ilikuwa 'tiime'. 'See' ilikuwa e ndefu, kama mwisho wa 'embe' ukivutwa. 'Moon' ilikuwa o ndefu, ndiyo maana inaandikwa kwa o mbili. 'House' ilikuwa 'huus'. Kwa kifupi, zile irabu tano ambazo mtoto wa Kitanzania anaimba darasani, a, e, i, o, u, ndizo zilizokuwa za Kiingereza pia. Kisha i ikageuka 'ai', e ikapanda ikawa i, o ikapanda ikawa u, u ikawa 'au', na a ikasogea mbele mpaka ikawa 'ei'. Hata majina ya herufi yakaburutwa humo: A ikaitwa 'ei', E ikaitwa 'ii', I ikaitwa 'ai'. Sauti zikaondoka, herufi zikabaki zilipokuwa, kwa sababu wapiga chapa walikwisha kuzipanga.

Katika miaka hiyo hiyo gh ya kooni ilitoweka, kila neno kwa njia yake. Kwingine ilikufa kabisa, kama katika 'though' na 'through'. Kwingine ilihamia midomoni ikawa f, kama katika 'tough' na 'cough'. Irabu zilizokuwa jirani nazo zikaenda kila moja upande wake, na hapo zikapatikana herufi nne, ough, zenye matamshi zaidi ya sita. K ya 'knife' na 'knee' ilinyamaza katika karne ya 17. Waskoti walishikilia kh yao muda mrefu zaidi, na bado wapo wanaoitamka katika 'nicht', usiku.

Katikati ya vurugu hiyo wakaingia wasomi, na wao, tofauti na mafundi wa Kiflemi, walikuwa na makusudi.

Karne ya 16 ilikuwa ya kukiheshimu Kilatini na Kiyunani. Msomi aliona fahari kuonyesha kwamba neno la Kiingereza lina babu Roma. Neno la deni lilikuwa 'dette', lilivyoazimwa kutoka Kifaransa. Wasomi wakakumbuka kwamba Kilatini kilisema 'debitum', wakaingiza b: 'debt'. 'Doute', shaka, ikapata b ya 'dubitare' ikawa 'doubt'. Hakuna Mwingereza aliyekuwa ameitamka b hiyo, wala hakuna aliyeanza. Shakespeare aliwacheka hadharani: katika tamthilia ya *Love's Labour's Lost*, iliyochapwa mwaka 1598, kuna mwalimu anayeitwa Holofernes anayekereka kweli kweli kwa sababu watu hawatamki b katika 'doubt' na 'debt'.

Ubaya ni kwamba walikosea pia. Kisiwa kiliandikwa 'iland', neno la asili la Kiingereza lisilohusiana na Kilatini. Wakalifananisha na 'isle', lenye asili ya 'insula', wakaligawia s isiyo yake: 'island'. Mkasi ulipewa sc ya 'scissors' kwa kudhani unatokana na kitenzi cha Kilatini 'scindere', kupasua, kumbe chanzo ni kingine. Kuna ndege wa Uskoti ambaye kwa Kigaeli jina lake huanza na t tu. Mwaka 1684 msomi mmoja, Robert Sibbald, alimvisha p ya Kiyunani mbele, naye akawa 'ptarmigan' hadi leo.

Mkuu wa majeshi ya majini anaitwa 'admiral'. Neno ni la Kiarabu, 'amir', lile lile lililotupa 'amiri' wa Amiri Jeshi Mkuu. Huko Ulaya liliwahi kuwa 'amiral' tu. Kisha masikio ya Kilatini yakalisikia kama jamaa wa 'admirari', kustaajabia, yakalipa d. Sisi tulilipata kwa njia fupi likaponyoka bila d.

Mengine hayakuhitaji msomi. 'Could' iliandikwa 'coude'. Majirani zake wawili, 'would' na 'should', walikuwa na l ya halali, iliyowahi kutamkwa. Basi nayo ikapewa l ili wafanane. 'Delight' haikuwahi kuwa na gh kooni. Iliazimwa kutoka Kifaransa ikiwa 'delit', ikavishwa gh kwa kukaa karibu na 'light'.

Na mara chache maandishi yalishinda. 'Faute', kosa, iliongezewa l ya Kilatini ikawa 'fault', na baada ya muda watu wakaanza kuitamka. 'Parfit' ikawa 'perfect', c ikaingia mdomoni. 'Trone', kiti cha enzi, ikapata h, na leo inatamkwa kwa th kama ya 'thelathini'. Lugha inayodaiwa kuandikwa isivyotamkwa ilianza kutamkwa ilivyoandikwa.

Wapo walioona mapema kwamba hali haifai. John Hart alichapisha mwaka 1569 kitabu kilichotaka kila sauti iwe na herufi yake, na kwa sababu hiyo wanahistoria wa lugha wanamshukuru: maandishi yake yanaonyesha jinsi London ya wakati ule ilivyotamka. Wasomaji wake hawakumfuata. Aliyesikilizwa ni mwalimu mkuu wa shule, Richard Mulcaster, ambaye mwaka 1582 alishauri kwamba mazoea yaheshimiwe, yapunguzwe tu yaliyozidi. Aliipa kazi e ya mwisho, isiyotamkwa, ya kumwambia msomaji kwamba irabu iliyotangulia ni ndefu: 'mad' ni kichaa, 'made' ni kilichotengenezwa. Kati ya kanuni zote za Kiingereza hii ni ya manufaa kweli, nayo ilitokana na e iliyokuwa ikitamkwa zamani, ikafa, ikapewa ajira mpya.

Uingereza haikuwahi kuunda chombo cha serikali cha kusimamia lugha, kama Ufaransa ilivyofanya mwaka 1635 ilipoanzisha Akademia. Kazi hiyo iliangukia mtu binafsi. Mwaka 1746 kikundi cha wauza vitabu wa London kiliingia mkataba wa kuandika kamusi na Samuel Johnson, kwa malipo ya gini 1,500, naye akajifungia darini Gough Square na wasaidizi sita. Kamusi ilitoka mwaka 1755 ikiwa na vidahizo zaidi ya 42,000. Johnson hakutaka kusahihisha. Alitaka kuandika yaliyopo. Katika dibaji alikiri waziwazi kwamba 'deceit' na 'receipt' zimetoka shina moja ila moja ina p na nyingine haina, akaziacha hivyo. Wapiga chapa wakaifuata kamusi, walimu wakaifuata, na p ya 'receipt' ikaandikwa kwenye kila stakabadhi iliyotolewa katika himaya nzima.

Alama za uandishi zilikuwa na safari yao. Nukta mkato ilizaliwa Venice, kwenye kitabu kilichochapwa na Aldus Manutius mwaka 1496. Ritifaa, kile kijimkato cha juu ambacho Mswahili anakitumia kwa kazi moja tu, kutenganisha ng'ombe na ngoma, iliingia Kiingereza katika karne ya 16 kutoka kwa wapiga chapa wa Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kuonyesha herufi iliyodondoka. Umilikaji wa kale wa Kiingereza uliishia na es. E ikadondoka, ritifaa ikakaa pengoni. Baadaye ikawekwa kila penye umiliki, hata pasipodondoka kitu, kisha wakaanza kubishana iwe kabla ya s au baada yake pakiwa na wamiliki wengi. Mabishano hayajaisha. Wauza mboga wa Uingereza wanasifika kwa kuiweka kwenye wingi, mahali ambapo haitakiwi kabisa. Mwaka 2009 baraza la jiji la Birmingham liliamua kwamba vibao vyake vya barabarani havitakuwa nayo, na magazeti yakaandika kama vile mnara umebomolewa. Marekani iliamua zamani. Bodi yake ya majina ya mahali, iliyoanzishwa mwaka 1890, huiondoa ritifaa ya umilikaji kwenye ramani, na imewahi kuruhusu mara tano tu, ya kwanza ikiwa kisiwa cha Martha's Vineyard.

Marekani ndiko matengenezo yalikofika mbali zaidi. Benjamin Franklin, ambaye naye alikuwa mpiga chapa, alibuni alfabeti mwaka 1768 iliyofuta c, j, q, w, x na y na kuingiza herufi sita mpya. Haikwenda popote. Noah Webster alikuwa mjanja zaidi: aliuza kitabu cha kufundishia watoto kusoma, kilichotoka mwaka 1783 na kununuliwa kwa mamilioni, kisha kamusi mwaka 1806 na nyingine kubwa mwaka 1828. Alikuwa na hoja ya uzalendo na hoja ya pesa kwa pamoja: taifa jipya liandike kivyake, na vitabu vyake vichapwe nyumbani badala ya kuagizwa London. 'Colour' ikawa 'color', 'centre' ikawa 'center', 'musick' ya Johnson ikakatwa k. Alipopendekeza 'tung' kwa ulimi na 'wimmen' kwa wanawake, Wamarekani wakamwambia basi.

Jaribio lenye kelele kuliko yote lilifanyika mwaka 1906. Tajiri wa chuma Andrew Carnegie aliahidi dola 15,000 kwa mwaka kwa bodi ya kurahisisha maandishi, nayo ikatoa orodha ya maneno 300. Mengi hayakuwa mageni kwa Marekani. Machache yalichoma macho: 'thru', 'tho', 'kist' kwa kubusu. Tarehe 27 Agosti Rais Theodore Roosevelt alimwandikia mkuu wa kiwanda cha chapa cha serikali amri kwamba orodha ile itumike. Magazeti ya pande zote mbili za Atlantiki yalipata karamu. Wahariri walishindana kuandika habari zake kwa maneno yaliyokatwa mikia. Mahakama ya Juu ikaendelea na maandishi yake. Mwezi Desemba Baraza la Wawakilishi lilipiga kura, 142 kwa 24, kutaka hati zake zifuate kamusi zilizokubalika. Roosevelt akaondoa amri, akabaki na mtindo mpya katika barua zake binafsi. Carnegie alivumilia miaka kadhaa zaidi, na mwaka 1915 akailalamikia bodi yake mwenyewe kwa ukali kwamba haina faida.

Gazeti la *Chicago Tribune* lilijaribu peke yake, kuanzia mwaka 1934, likiandika 'thru', 'tho' na hata 'frate' kwa shehena. Lilikata tamaa mwaka 1975.

Waingereza nao walifika hadi bungeni. Mwaka 1949 mbunge Mont Follick alipeleka muswada wa kurekebisha herufi ukashindwa kwa kura tatu tu, 87 dhidi ya 84. Mwaka 1953 ulirudi, ukapita kura ya kwanza kwa 65 dhidi ya 53, kisha ukaondolewa. Mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha wosia kwamba sehemu ya mali yake itengeneze alfabeti mpya kabisa. Kesi ilifika mahakamani, pesa zikapunguzwa, na mwaka 1962 tamthilia yake moja, *Androcles and the Lion*, ikachapwa kwa herufi zilizobuniwa na Kingsley Read. Nakala zilipelekwa maktaba. Wachache walijifunza kuzisoma.

Tatizo moja halikuwahi kupata jibu: irabu za nani? Mskoti, Mmarekani wa kusini na mtu wa London wanalitamka neno moja kwa namna tatu, lakini wanaliandika kwa namna moja. Ukiandika kama linavyotamkwa, lazima wawili kati yao wawe wageni katika lugha yao.

Kiswahili cha herufi za Kirumi kilizaliwa kikiwa na faida ya kuyaona hayo yote. Kwa karne kadhaa kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo alama zake tatu za irabu hazikutosha irabu zetu tano. Wamisionari wa karne ya 19, Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na Edward Steere wa Unguja, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, hawakutaka kuiletea Afrika Mashariki balaa la ough. Mtindo uliotia mizizi ulikuwa wa konsonanti za Kiingereza na irabu za Kitaliano. Steere alijua irabu za kwao hazifai kusafirishwa. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ilikuta kazi ya kusawazisha maneno, haikukuta ya kufufua herufi zilizokufa. Hata katika th tuliwazidi: sisi tunaitenga 'thamani' na 'dhamana', ilhali Mwingereza anaandika 'thin' na 'this' kwa th moja tangu alipopoteza þ na ð.

Majina ya watu na mahali ndiyo sugu kuliko yote, kwa kuwa hakuna kamati inayoyagusa. Leicester ni 'Lesta', Worcester ni 'Wusta', na ukoo wa Featherstonehaugh hujiita 'Fanshoo'. Kenya ina mfano wake. Mlowezi maarufu aliyejulikana kama Lord Delamere, ambaye jina lake lilikuwa kwenye barabara kuu ya Nairobi kabla haijaitwa Kenyatta Avenue, alikuwa na cheo cha jina la Kinormani na ukoo unaoandikwa Cholmondeley. Herufi ni 12. Wenyewe hutamka 'Chamli'.